Kabla Swichi Haijashushwa

Kwa miezi mingi Uwesu alinisalimia kila asubuhi, na kila asubuhi aliniudhi. "Shikamoo mama," alisema, halafu akasimama mlangoni pa stoo yangu na begi lake mgongoni, akingoja niitikie. Kijana amelelewa Kilwa na bibi yake, na huko ukimwamkia mkubwa huondoki mpaka upewe marahaba yako. Mimi marahaba sikuwa nayo. Madaktari waliniondolea zoloto pamoja na uvimbe uliokuwa umeota humo, na tangu hapo napumua kwa tundu dogo shingoni ninalolifunika kwa kitambaa. Basi nilikuwa nainua mkono, natikisa kichwa, natabasamu mpaka mashavu yanauma, na yeye bado kasimama. Baadaye ndipo alipokumbuka, akajipiga paji la uso, akasema, "Samahani mama." Kesho yake akarudia yale yale.

Nimeamua kumwandika huyu kijana kwa sababu kuna mambo yake mengi niliyotakiwa kuyafokea palepale, nikashindwa, yakanikaa kifuani. Mimi ni Klara, Mama Rachel. Nauza nguo za watoto za mitumba Mchikichini, na zamani habari za Uwesu ningezimaliza mara moja nimesimama juu ya meza yangu, na soko zima lingejua. Sasa vidole ndivyo vinavyosema, na vidole vyangu ni vizito.

Mabelo yangu ya nguo nayaweka Kariakoo, ghorofa ya tatu ya jengo moja karibu na Mtaa wa Narung'ombe. Kwenye kibaraza chetu cha juu stoo yangu ni ya kwanza. Mwisho kabisa wako mafundi cherehani wa Nurdin, na cherehani zao na pasi zao. Katikati kuna chumba kisicho na dirisha, na humo ndimo alimofanyia kazi Uwesu. Ukimuuliza kazi yake atakwambia anatengeneza kompyuta, na ni kweli, watu wanamletea laptop zilizomwagikiwa chai. Lakini kazi anayoipenda, ambayo hakuna aliyemtuma, ni kufunza mashine. Unaipa mashine mifano mingi ya kitu, inajifunza kitu hicho mpaka inaweza kukifanya yenyewe.

Kwa kazi hiyo alikuwa na kompyuta moja kubwa ambayo ndani yake aliweka kadi ya michoro aliyoitoa kwenye banda la magemu lililofungwa Magomeni. Alinieleza habari za kadi hiyo mara nyingi kuliko nilivyotaka. Ilitengenezwa ili watoto wapigane risasi kwenye kioo, alisema, lakini ndani yake mna vijifundi vingi sana vinavyopiga hesabu kwa wakati mmoja, na kufunza mashine ni hesabu tupu. Alikuwa anaipangusa kwa brashi ya kupakia rangi. Mke hana, lakini kadi ile aliipangusa.

Nilipoambiwa kwamba sauti yangu itaondoka, niliketi kwenye belo na kulia, na Uwesu akaja kusimama mlangoni na vitumbua vyake mkononi. Hakusema pole. Alisema, "Mama, sauti yako si ipo?" Nilitaka kumrushia kiatu.

"Ipo kwenye grupu," akasema. "Zile voisi."

Ni kweli. Miaka yote hiyo nilikuwa na grupu la wateja kwenye simu, na kuandika sikukupenda. Mzigo ukifunguliwa, narekodi voisi. Mtu akichukua nguo akajifanya amepotea, voisi. Pasaka, voisi. Uwesu akasema atazichukua zote, ataandika maneno ya kila moja, na mashine itasikiliza huku ikisoma mpaka ijue Mama Rachel anatamkaje. Baada ya hapo mimi nitaandika neno lolote kwenye simu, na simu italisema kwa sauti yangu.

Nilikubali kwa sababu ya Rachel. Ni mwanangu wa pekee, na baba yake ametangulia mbele za haki. Alikuwa ameposwa, na sendofu ilikuwa imeshapangiwa Jumamosi moja ambayo wote tuliijua. Kwenye sherehe hiyo ya kumuaga bi harusi mama mzazi anasimama, anamwita bintiye kwa jina mbele ya watu, binti anaitika, na mama anasema anayotaka kusema. Shangazi yake alijitolea kunisemea. Shangazi yake! Mwanamke ambaye hajawahi hata kumwogesha huyo mtoto. Na programu iliyokuwamo kwenye simu yangu ya kusoma maandishi ilikuwa na sauti ya mwanamume, tena inatamka "mwanangu" kana kwamba inasoma jina la dawa ya minyoo.

Lakini lililoniuma zaidi halikuwa la ukumbini. Tangu nitoke hospitali, nyumbani nilikuwa namwita Rachel kwa kugonga kijiko kwenye sufuria. Alikuja, tena haraka. Lakini alikuja kimya. Mtoto wa kike akiitwa na mama yake anasema abee. Nani atasema abee kwa sufuria? Nyumba yangu ilikuwa imepoteza sauti mbili, si moja, na hilo sikumwambia mtu.

Basi Uwesu akaanza. Mwanzoni alipita njia ya wengi. Aliandika kwa lugha inayoitwa Python, akitumia PyTorch, ambayo alinieleza kuwa ni sanduku la vifaa vilivyokwisha kutengenezwa na wengine, wewe unachagua na kuunganisha. Kazi ilienda, lakini polepole, na tena ilienda mchana tu kama karani wa ofisi, kwa sababu ya swichi.

Swichi hiyo lazima niieleze. Kuna wakati jengo la jirani liliungua kwa sababu ya pasi iliyosahauliwa. Wapangaji wa ghorofa yetu tukakutana, na mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote, maana stoo yangu ni pamba kutoka sakafuni hadi darini. Tukakubaliana kwamba jioni hakuna waya utakaobaki na umeme. Tangu siku hiyo, wakati wa kufunga, Mzee Zakayo muuza zipu na nyuzi, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, anapita kibarazani akitikisa funguo. Wote tunatoka. Swichi kubwa inashushwa mbele ya macho ya kila mtu, anayeishusha anasema, "Giza!" na sisi tunajibu, "Salama!" Ndipo tunashuka ngazi pamoja. Mtu akitaka kujibu kimyakimya anaambiwa arudie.

Kwa hiyo kila jioni Uwesu alihifadhi mashine ilipofikia, na kesho yake ikaendelea kutoka hapo. Tulijaribu kuihamishia kwangu Magomeni, taa za nyumba nzima zikafifia na mwenye nyumba akaja na taulo kiunoni kuuliza tunachomelea nini. Uwesu akasema ziko mashine za kukodi ng'ambo, sauti yangu itumwe huko. Nikakataa. Wameshanitoa zoloto, sauti nayo iende kulala kwa watu nisiowajua?

Tukangoja. Siku moja mchana, wiki ya mwisho kabla ya sendofu ikiwa mlangoni, akaja mbio na simu. "Mama, imeiva!" Akabonyeza.

"Habari za asubuhi, wapendwa wateja wangu," ikasema simu.

Nikaiangalia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, na kwa mbali nilimjua, kama unavyomjua mtu mliyesoma naye. Lakini alikuwa mwanamke mpole mno, aliyefunga mikono mapajani. Palepale Rachel akatokea ngazini na hotpoti ya chakula changu, na Uwesu akaona ndiyo nafasi. Akajificha nyuma ya mabelo, akabonyeza.

"Rachel, karibu sana mwanangu."

Rachel akageuka kuangalia huku na huku. "Nani huyo?" akauliza. "Mama, mmeweka redio?"

Uwesu akatoka nyuma ya mabelo kama kuku aliyenyeshewa. Rachel alipoelewa alinishika mkono, akasema inafanana, kwa mbali inafanana, akaiweka hotpoti na kuondoka haraka ili nisimwone usoni. Nilimwona.

Nikachukua simu yangu nikamwandikia Uwesu: Umeifanya nini sauti yangu?

Akaanza kuchezea kamba za begi. "Kuna voisi nyingine nilizitoa, mama."

Zipi?

"Zile ambazo... zile unazowafokea watu."

Kwa nini?

"Sasa mama, mimi nitakaaje naifundisha mashine kufoka kwa sauti ya mama yangu? Kuna voisi moja unamwambia mteja ana roho kama zipu mbovu. Niliona aibu. Bibi yangu akijua, hata kula kwake siruhusiwi."

Nikamwandikia: Ukitoa ugomvi, kilibaki nini?

Akafikiri kwa uaminifu kabisa, kijana wa watu. "Salamu za Pasaka," akasema. "Za Idi. Na pole za misiba. Pole za misiba zipo nyingi."

Ndiyo maana! Mashine ilikuwa imejifunza sauti yangu ya msibani. Kumbe ningemwita mwanangu kwenye sherehe yake kwa sauti niliyotumia kuwapa pole wafiwa. Sijawahi kuhitaji kupiga kelele kama siku ile. Nilipiga belo ngumi, nikakohoa kwa tundu la shingoni mpaka machozi, na Uwesu akawa anasema "Pole mama, pole mama," pole tena! Nilipotulia nikaandika: RUDISHA UGOMVI WOTE.

Akakaa chini kwenye ngazi. Kurudisha ugomvi ilikuwa ni kuanza upya, alisema, tena na voisi nyingi zaidi, kwa sababu kumbe sehemu kubwa ya maisha yangu ilikuwa ugomvi. Kwa mwendo ule wa karani, sauti ingekamilika Rachel akiwa ameshamaliza fungate. "Labda niiongeze kasi kadi," akasema, na akaingia chumbani.

Sasa hapa ndipo aliponichosha kabisa. Mimi nilidhani ataiwasha mashine ifunzwe. Jumatatu nikachungulia, mashine haifunzwi, yeye anaandika. Jumanne anaandika. Nikamwonyesha kalenda ukutani, nikagonga Jumamosi kwa ukucha. Akasema, "Mama, nikianza sasa hivi kwa njia ya zamani sifiki. Lazima kwanza nibadilishe jinsi kadi inavyofanya kazi." Nikamkodolea macho. Akaona hasira yangu, akaamua kunielimisha, na ili anielimishe akaingia stoo kwangu, akazoa rundo la nguo ambazo nilikuwa nimekwisha kuzichambua gredi ya kwanza, akazimwaga sakafuni. Gredi ya kwanza!

"Angalia mama. Ukichambua belo unafanyaje? Unalishika shati, unaangalia doa, unaangalia vifungo, unaangalia kola, unalitupia kwenye rundo lake. Umelishika mara moja. Sasa PyTorch kwa hii programu yangu inafanya hivi: inaokota shati, inaangalia doa, inarudisha ndani ya belo. Inamaliza belo zima. Halafu inaanza tena, inaokota shati, vifungo, inarudisha. Tena, kola. Vijifundi vya kwenye kadi vina kasi ya ajabu, lakini siku nzima vinaokota na kurudisha. Mimi nataka nivipe maelekezo vikishalishika shati vimalize kila kitu hapohapo."

Nilielewa, na kuelewa kulinikera zaidi, kwa sababu sasa nilijua hadanganyi. Nikamwashiria akunje nguo zangu. Akazikunja vibaya.

Tatizo, kumbe, hayo maelekezo yana lugha zake. Kuna lugha mpya inaitwa Triton, nyepesi, unaandika karibu kama Python na yenyewe inaongea na kadi. Akaifurahia nusu siku. Ikamkataa. Kadi ya banda la magemu ni ya zamani, lugha ile haiitambui. Akajaribu toleo la zamani la lugha hiyo, nalo likataka toleo la zamani la PyTorch. PyTorch ya zamani ikataka Python ya zamani. Akashusha Python, na programu ya kusoma sauti ikagoma kwa sababu yenyewe inataka Python mpya. Akapandisha Python, PyTorch ikaanguka. Nilikuwa namsikia kupitia ukuta: "Sasa wewe unataka nini? Si umeomba hii? Hii hapa! Chukua basi!" Wateja wangu wakaniuliza kama jirani yangu anagombana na mkewe.

Jumatano adhuhuri akatoka macho mekundu, akasema ataacha sanduku na vifaa vyake vyote na kuandika kwa CUDA. Hiyo ndiyo lugha ya kuongea na kadi ana kwa ana, kila kijifundi unakiambia mwenyewe shika hapa, weka pale, na ukikosea hakuna wa kukurekebisha. Alijifunza chuoni akaiogopa. Sasa akaiandika, anakula maandazi bila kuyaangalia, na makombo yote kwenye kibodi. Alhamisi asubuhi akaijaribu, na kwa kweli ilikimbia. Tukasikiliza vipande vya kwanza. Ilitoa sauti kama mbuzi anayeongea na simu ndani ya pipa.

Nilikaa kwenye benchi la Nurdin nikafunika uso. Nilichoka. Niliona bora shangazi aongee, mambo yaishe, mimi nikae nishangilie kwa kupiga makofi kama mgeni mwalikwa. Nurdin akazima cherehani, akasema, "Mama Rachel, mwache kijana. Hata suti ya kwanza mkono hukaa mgongoni." Nilikuwa nimeshaiona suti yake ya kwanza, na alikuwa anasema kweli.

Kosa Uwesu alilipata alasiri. Vijifundi vingine vilikuwa vinachukua jibu la wenzao kabla wenzao hawajamaliza kuliandika. Ilibidi aweke mstari mmoja unaosema, wote subirini hapa. Mstari mmoja! Siku nzima ya maisha yangu kwa ajili ya mstari unaosema subirini. Alipouweka, mbuzi akanyamaza, na kasi ikabaki. Akapiga hesabu kwenye kiganja, akaniangalia kwa mara ya kwanza wiki ile bila kukwepa. "Kesho mama. Nikiwasha tu tunapofungua, mpaka tunafunga tunaweza kufika. Ugomvi wote umo."

Ijumaa, siku ya mwisho, Mzee Zakayo akapandisha swichi, na Uwesu hayupo. Anakaa upande wa pili wa maji, na kivuko kimekwama Magogoni. Mimi niko mlangoni pa chumba chake, nazunguka kama niliyepoteza mtoto sokoni, na siwezi hata kumpigia simu kumfokea. Alifika jasho linamtoka, na, sijui nisemeje, akasimama. "Shikamoo mama." Nikamsukumia ndani kwa mikono miwili.

Akawasha. Kwenye kioo ikatokea namba, akanieleza kwamba namba hiyo wanaiita hasara, ni ukubwa wa makosa ya mashine, na ikishuka ndio vizuri. Nikavuta kiti nikakaa kuitazama. Ilishuka kwa kasi ambayo hata Uwesu hakuitegemea, alikuwa anacheka peke yake. Adhuhuri yeye na Nurdin na mafundi wakaenda msikitini, wakaniachia mimi ulinzi, na ghorofa nzima ikawa tulivu isipokuwa feni ya ile kadi. Nikamwomba Mungu kwa Kirombo, lugha ya kwetu, kimoyomoyo, maana nilitaka aharakishe.

Waliporudi, Nurdin alikuwa na oda ya sare za shule. Pasi zikawashwa zote pamoja. Taa zikafifia, feni ya kadi ikabadilisha mlio, na Uwesu akashika kichwa: umeme ukishuka zaidi, kompyuta itazima. Nikaenda mbio mwisho wa kibaraza. Nikaandika kwenye simu, na yule mwanamume wa dawa ya minyoo akasema, taratibu, "Tafadhali zima pasi." Mafundi wakaangua kicheko. Sikungoja wamalize. Nilichomoa pasi moja moja ukutani, nikazisimamisha kwenye meza, nikaweka mikono kiunoni.

"Mama Rachel," Nurdin akasema, "kumbe fujo hazikutolewa hospitali." Lakini siku hiyo walipiga pasi kwa zamu, moja moja.

Jioni ikafika. Nilisikia funguo za Mzee Zakayo kabla sijamwona. Watu wakatoka, wakafunga milango, wakaja kusimama chini ya swichi kama kawaida. Uwesu hakutoka. "Bado kidogo," akasema kutoka ndani. "Mzee, bado kidogo sana. Zile pasi zimetuchelewesha."

Mzee Zakayo akanitazama, akatazama swichi. Ni mzee laini, na Rachel amemjua tangu anabebwa mgongoni. "Leo tumwachie," akasema. "Mimi mwenyewe nitakaa hapa mpaka amalize. Nani atakataa?" Hakuna aliyekataa. Wote waliniangalia mimi, na nyuso zao zilikuwa nzuri, na nilitaka kukubali. Nasema ukweli, nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka mzigo wowote. Ilikuwa sauti yangu humo ndani, inakaribia mlango.

Lakini nilimwona Mzee Zakayo na magoti yake, peke yake ghorofani, na waya uliochemka tangu asubuhi, na ukuta mmoja tu kati ya waya ule na pamba yangu. Nilikumbuka watu wa jengo la jirani walivyosimama barabarani wameshika funguo za fremu za biashara ambazo hazipo. Ile kelele niliyopiga mkutanoni nilikuwa nimeipiga kwa sauti yangu mwenyewe. Nisingeweza kuinunua sauti kwa kuikana.

Nikaingia kwa Uwesu, nikaelekeza kidole kwenye kioo, nikafumba kiganja: hifadhi.

"Mama, haijakaa sawa. Itakuwa na mikwaruzo. Haitakuwa nzuri kama nilivyotaka."

Nikafumba kiganja tena. Akahifadhi, akanakili kwenye flashi, akachukua na simu yangu, akasema ataipanga sauti kwenye laptop nyumbani ili ikae humo. Alikuwa analia, na aliniudhi kwa kulia kwa sababu na mimi nikaanza. Nikatoka, nikamsogeza Mzee Zakayo pembeni kwa upole, nikashusha swichi kwa mkono wangu.

Giza. Na neno lenyewe sina. Tukasimama tu, hakuna aliyejua la kufanya, kwa sababu tangu tuweke desturi ile swichi haijawahi kushushwa kimya. Halafu kutoka nyuma Nurdin akasema, "Salama!" na wengine wote wakaitika, "Salama!" Tukashuka kwa tochi za simu.

Jumamosi asubuhi nyumba yangu Magomeni ilikuwa imejaa wanawake. Muziki unapiga, mchele unachambuliwa, shangazi anatoa amri ambazo hakuna aliyemwomba. Rachel alikuwa chumba cha ndani anasukwa, mlango umefungwa. Mimi nilikuwa uani nakatakata vitunguu kwa hasira, nimeshajiambia kwamba sauti haipo na mtu mzima anakubali.

Uwesu akaingia uani amevaa kanzu. "Shikamoo mama," akasema, akanipa simu yangu, akarudi hatua nyuma akasimama. Hakusema kama imeiva au haijaiva.

Nikafuta mikono. Yale maneno ya ukumbini nilikuwa nimeyatunga vizuri, lakini sikuyaandika hayo. Niliandika neno moja, nikabonyeza.

"Rachel!"

Ilikwaruza. Ilikuwa sauti ya Mchikichini jioni, baada ya kushinda juani nikibishana na watu, imekauka, haina subira, na ile "e" imevutwa kama ninavyoivuta nikiwa nimeshachoka kurudia. Sikupata nafasi ya kuamua kama naipenda.

"Abee mama!"

Ilitoka chumba cha ndani, haraka, kama mtoto aliyesikia anaitwa huku kashika sukari. Hakufikiri. Nilijua hakufikiri, kwa sababu baada ya hapo mtu akazima muziki, kisha mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Rachel akaja uani nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, kitana kimening'inia, akaniangalia, akaiangalia simu.

"Umeniita?"

Nilikuwa nalia na vitunguu havikuhusika. Alikuwa amesimama mbele yangu, karibu kiasi cha kumgusa, na sikuwa na la kumtuma. Nikabonyeza tena.

"Rachel!"

"Abee mama," akasema.

Nikabonyeza tena.